Kushusha ukingo wa barabara mbele ya nyumba yako Uingereza: anza na idhini, fundi baadaye

Maswali ya ndugu zetu wanaohamia kwenye nyumba zenye bustani ya mbele hapa Uingereza ni yale yale. "Nataka gari liingie ndani, fundi kaniambia ni kazi ya siku mbili tu, kuna shida?" "Jirani anapanda ukingo kila siku na hakuna aliyemgusa, na mimi nifanye hivyo?" "Halmashauri wamekataa, ndiyo basi tena?" Nayajibu yote hapa mahali pamoja, kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe.

Shika hili kwanza. Jiwe la ukingo na njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya geti lako si mali yako. Ni sehemu ya barabara ya umma, hata kama wewe ndiye unayeifagia kila Jumamosi. Kwa hiyo unachokitafuta mwanzoni ni idhini, na fundi anafuata baadaye. Watu wengi wanaopoteza pesa katika shughuli hii hawazipotezi kwa ujenzi mbaya. Wanazipoteza kwa kuanzia mwisho: wanatandaza pevingi bustani nzima, ndipo wanajaza fomu, halafu wanakataliwa. Wanabaki na uwanja mzuri ambao gari haliruhusiwi kuufikia.

Sheria inayosimamia jambo hili ni Highways Act ya mwaka 1980, kifungu cha 184. Hicho ndicho kinachokupa haki ya kuomba kivuko cha gari, yaani sehemu ya ukingo iliyoshushwa ili gari lipite juu ya njia ya miguu, na hicho hicho kinaipa halmashauri uwezo wa kukudai gharama ikiwa umezoea kupandisha gari juu ya ukingo bila kivuko. Sheria hiyo ni ya England na Wales, ila kanuni za mipango miji nitakazozitaja ni za England. Uskoti na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao, hivyo kama uko huko usifuate mwongozo huu neno kwa neno.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Hati ya umiliki na ramani yake kutoka Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Ukiwa mpangaji, ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Ukiwa na nyumba ya "leasehold", yaani umeinunua kwa muda maalumu na ardhi ni ya mwingine, ruhusa ya mwenye ardhi pia.
- Tepu ya kupimia yenye urefu wa kutosha, chaki, na mtu wa kukushikia upande wa pili.
- Picha za mbele ya nyumba: moja kutoka ng'ambo ya barabara, moja kutoka kila upande, na moja ya njia ya miguu kwa karibu ikionyesha mifuniko yote ya chuma.
- Mchoro rahisi wenye vipimo. Si lazima uchorwe na msanifu. Rula na mkono uliotulia vinatosha.
- Pesa. Gharama hutofautiana sana kati ya halmashauri na halmashauri, lakini jiandae kwa pauni elfu moja na zaidi kwa kazi nyepesi, na elfu kadhaa pale panapokuwa na kitu cha kuhamisha. Ada ya ombi ni ya peke yake, na mara nyingi hairudishwi ukikataliwa.
- Muda. Hesabu majuma kadhaa ukiwa na bahati, miezi ikiwa kuna kibali cha ziada.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Maeneo yenye ngazi mbili za serikali za mitaa, barabara ziko chini ya halmashauri ya kaunti, na mipango miji iko chini ya halmashauri ya wilaya. Watu hupeleka ombi wilayani, wanasubiri mwezi mzima, kisha wanaambiwa wamekosea mlango. London ombi huenda kwa borough yako, yaani halmashauri ya eneo lako la jiji, isipokuwa barabara zenye mistari myekundu, ambazo zinasimamiwa na Transport for London. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya National Highways.

Halafu kuna barabara binafsi, zile ambazo halmashauri haijazichukua. Hapo kifungu cha 184 hakikusaidii. Unazungumza na wenye barabara. Angalia pia kama kuna ukanda wa majani kati ya njia ya miguu na uzio wako. Wakati mwingine ukanda huo si wa barabara wala si wako, ni wa mtu wa tatu, na bila ruhusa yake huwezi kupita. Ramani ya Land Registry ndiyo itakayokuonyesha mpaka wako unaishia wapi.

Kwenye tovuti ya halmashauri tafuta maneno "dropped kerb" au "vehicle crossover". Ndiyo majina wanayoyatumia kwenye fomu.

Hatua ya 2: Pima bustani yako, na upime kwa ukweli

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Halmashauri inataka gari lote liegeshwe ndani ya mpaka wako, bila hata bampa kutokeza juu ya njia ya miguu. Kipimo cha kawaida cha nafasi moja ya gari ni mita 4.8 kwa mita 2.4, na halmashauri nyingi hutumia kina cha mita 4.8 au zaidi kidogo kama kiwango cha chini. Nyingi pia zinataka gari lisimame likiwa limeelekea moja kwa moja kwenye nyumba, lisilale sambamba na barabara.

Pima kutoka ukuta wa nyumba hadi ukingo wa ndani wa njia ya miguu. Kama kuna dirisha lililotokeza mbele, pima kutoka kwenye dirisha hilo. Kama kuna ngazi au mita ya gesi ukutani, pima kutoka hapo. Kisha acha nafasi ya mtu kupita kwenda mlangoni gari likiwa limeegeshwa, kwa maana mlango wa mbele ndio njia ya kukimbilia moto ukizuka.

Usijifariji kwamba gari lako ni dogo. Idhini hutolewa kwa nyumba, na atakayekuja baada yako anaweza kuwa na gari kubwa. Ukiwa na mita 4.3, hakuna picha ya Fiat 500 itakayombadilisha afisa mawazo. Afadhali ulijue hilo leo ukiwa na tepu mkononi kuliko baada ya kulipa ada.

Hatua ya 3: Tazama kilichopo mbele ya nyumba

Simama kwenye njia ya miguu uorodheshe kila unachokiona: nguzo ya taa, mti, alama ya barabarani, kisanduku cha simu, bomba la zimamoto, kituo cha basi, kivuko cha watembea kwa miguu, maegesho ya wakazi yaliyochorwa chini. Kila kimoja kina maana yake.

Nguzo ya taa inaweza kuhamishwa, kwa gharama yako. Mti wa halmashauri ni jambo zito zaidi. Wataangalia umbali wa mizizi, na mara nyingi mti unashinda. Usiukate wala kukwangua mizizi yake usiku ukidhani hawataona. Maegesho ya wakazi yakiwepo, amri ya barabarani iliyoyaweka lazima irekebishwe kisheria kwanza, na hilo huongeza miezi na ada nyingine. Ukiwa karibu na makutano ya barabara, halmashauri nyingi hukataa kivuko kilicho ndani ya takriban mita 10 kutoka kwenye kona.

Mifuniko ya chuma kwenye njia ya miguu usiipuuze. Chini yake kuna maji, gesi, umeme na simu, na baadhi haviko chini sana. Nyaya za simu kwenye njia ya miguu hulazwa kwa kawaida kina cha milimita 250 hadi 350, umeme wa majumbani kama milimita 450, gesi 600, maji 750. Ukishusha uso wa njia, unapunguza udongo unaovilinda, na unaweka uzito wa gari juu yake. Kampuni husika ikisema waya wake ushushwe au uwekewe kinga, gharama ni yako.

Hatua ya 4: Jua kama unahitaji kibali cha mipango miji

Hiki ni kibali tofauti na idhini ya barabara. Kukipata kimoja hakukupi kingine, na hili linawachanganya watu kuliko jambo lolote.

Kwa nyumba ya kawaida kwenye barabara ndogo ambayo haijapewa daraja, yaani ngazi ya umuhimu, mara nyingi hukihitaji. Utakihitaji kama barabara yako ni ya daraja la A, B au C, kama unaishi kwenye fleti au jengo lililogawanywa, au kama nyumba ni ya kihistoria iliyosajiliwa. Maeneo ya uhifadhi nayo yanaweza kuwa na masharti yake. Daraja C ndilo linalowaponyoka watu, kwa sababu halina namba kwenye kibao cha barabarani. Uliza halmashauri kwa maandishi.

Halafu kuna sakafu ya uwanja wako wa mbele. Tangu Oktoba 2008, ukiweka sakafu ngumu ya zaidi ya mita 5 za mraba kati ya mbele ya nyumba na barabara, lazima iwe inapitisha maji, au maji yake yaelekezwe kwenye eneo la kunyonya lililo ndani ya mpaka wako. Ukimwaga zege tupu linalopeleka maji barabarani, hiyo inahitaji kibali cha mipango.

Hatua ya 5: Peleka ombi

Jaza fomu mtandaoni, ambatisha picha na mchoro, lipa ada, tunza namba ya kumbukumbu. Andika vipimo halisi. Mkaguzi atakuja na tepu yake, na tofauti ya sentimita 40 kati ya karatasi na ardhi haitafutwa kwa maelezo. Kama una ulemavu au unamtunza mwenye ulemavu, uliza kabla ya kulipa. Baadhi ya halmashauri hupunguza ada au huelekeza kwenye msaada wa kurekebisha makazi.

Hatua ya 6: Mkaguzi akija

Si lazima uwepo, lakini kama unaweza, kuwepo kunasaidia. Muulize mambo mawili tu: kivuko kitakuwa na upana gani, na kuna kitu gani cha kuhamisha. Atapulizia alama za rangi kwenye njia ya miguu. Zipige picha siku hiyo hiyo, mvua isije ikazifuta.

Hatua ya 7: Soma barua ya idhini, kisha chagua mjenzi

Halmashauri nyingine hujenga zenyewe kwa kutumia mkandarasi wao, nawe unalipa kwanza. Nyingine hukuruhusu uchague mjenzi kutoka kwenye orodha yao au wako mwenyewe mwenye sifa. Sifa zenyewe ni hizi: watu waliosajiliwa kufanya kazi za barabarani chini ya New Roads and Street Works Act ya 1991, bima ya madhara kwa umma (mara nyingi pauni milioni 5 au 10), na kibali cha kuchimba barabara. Omba nakala za vyote. Fundi mzuri wa bustani anaweza kuwa hodari kweli kweli na bado akawa hana ruhusa ya kugusa njia ya miguu.

Onyo kubwa liko hapa: anayekugongea mlango akisema amebakiwa na lami kutoka kazi ya jirani, mfungie mlango. Hana idhini, hana bima, na akishaondoka utabaki wewe na barua ya halmashauri.

Idhini huwa na muda wa kuisha. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako.

Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Huu ndio upande mfupi wa safari, lakini inafaa ujue unachokitazama. Jiwe moja la kawaida la ukingo lina urefu wa milimita 915. Kivuko cha gari moja huwa na mawe manne hivi yaliyolazwa chini, na jiwe moja la mteremko kila upande, linaloanza kwenye kimo cha ukingo wa kawaida na kushuka taratibu hadi kwenye mawe ya chini. Mawe ya mteremko yana la kushoto na la kulia. Yakigeuzwa, utaona ngazi kali pale ambapo panapaswa kuwa na mshuko laini. Ukiiona hiyo, simamisha kazi kabla zege halijashika.

Mawe ya chini hayalingani kabisa na lami. Kwa kivuko cha gari huachwa kimo cha kama milimita 25, ili maji ya mvua yaendelee kufuata mfereji wa barabara badala ya kuingia kwako. Wengi wanalalamika "wameacha kajiwe". Hawajakosea. Kivuko kinacholingana kabisa na barabara ni kile cha watembea kwa miguu na viti vya magurudumu, ambacho ni kitu kingine.

Nyuma ya mawe hayo njia ya miguu yote inachimbuliwa na kujengwa upya kwa tabaka nene zaidi, maana ile ya awali ilijengwa kubeba watu. Mjenzi akikuambia atashusha mawe tu na kuacha vigae vya zamani, atakuwa amekuuzia nyufa.

Hatua ya 9: Uwanja wako na maji yake

Fanya sehemu hii baada ya idhini kutoka, na kwa kufuata kimo cha kivuko. Maji ya uwanja wako hayaruhusiwi kutiririka kwenye njia ya miguu. Uwanja ukiinamia barabarani, weka mfereji wenye wavu ndani ya mpaka, uelekee kwenye shimo la kunyonya au kitalu cha maua. Pevingi zenye nafasi za kupitisha maji hufanya kazi vizuri, mradi chini yake kuna kokoto zisizo na vumbi. Ukiweka mchanga uliochanganywa na saruji chini, maji hayapiti na umepoteza fedha yako.

Changarawe inafaa, ila weka ukanda wa vigae karibu na njia ya miguu ili mawe yasitoke na magurudumu. Geti lazima lifunguke kwa ndani, kamwe si kuelekea barabarani. Ukuta na ua pande zote za lango viwe vifupi, ili unapotoka umwone mtoto anayepita kwa baiskeli kabla hajafika mbele ya gari lako. Ningeomba sana usilipuuze hili hata kama mkaguzi hakulitaja.

Hatua ya 10: Ukaguzi wa mwisho na karatasi

Subiri halmashauri ithibitishe kazi. Hifadhi barua ya idhini, risiti na uthibitisho huo pamoja na hati ya nyumba. Siku ukiuza, wakili wa mnunuzi ataziulizia.

Makosa yanayojirudia

Kuweka mbao, mpira au kipande cha zege kwenye mfereji wa barabara ili gari lipande. Vinazuia maji, vinaangusha waendesha baiskeli, na mtu akiumia utaulizwa wewe. Halmashauri ina uwezo wa kuviondoa.

Kupanda ukingo "kwa muda" wakati ombi linashughulikiwa. Ukivunja vigae au bomba, unalipa, na afisa yule yule anayeshika faili lako ndiye atakayeyaona hayo.

Kupitisha waya wa kuchajia gari la umeme juu ya njia ya miguu bila ruhusa, kwa kuwa kivuko kimechelewa. Ulizia kwanza utaratibu wa halmashauri yako.

Kumwiga jirani. Huenda kivuko chake kilijengwa zamani kwa masharti mengine, au hakina idhini kabisa.

Mambo yakikwama

*Wamekataa ombi.* Omba sababu kwa maandishi na kanuni waliyoitumia. Kama ni kina cha bustani, fikiria kama kuondoa ngazi au kibaraza kutakupa nafasi inayokosekana. Kama ni mti au nguzo, uliza kama lango likisogezwa upande wa pili litakubalika. Omba ombi lipitiwe upya ndani ya halmashauri. Ukiona utaratibu haukufuatwa, maliza ngazi zao za malalamiko, kisha nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri. Huyo huangalia kama walifuata utaratibu; hageuzi uamuzi kwa sababu tu hukuupenda. Ikiwa kilichokataliwa ni kibali cha mipango miji cha nyumba yako, rufaa huenda Planning Inspectorate, ofisi ya kitaifa ya rufaa za mipango miji, ndani ya majuma 12.

*Makadirio ni makubwa kuliko nilivyotarajia.* Omba mchanganuo. Mara nyingi fedha imelala kwenye kuhamisha kitu kimoja, na kupunguza upana kwa jiwe moja au kusogeza lango kidogo kunaweza kukiondoa kwenye hesabu. Ukiwa na jirani anayetaka kivuko pia, ulizeni bei ya kazi mbili kwa pamoja.

*Watu wanaegesha mbele ya kivuko changu.* Traffic Management Act ya 2004, kifungu cha 86, inakataza kuegesha mbele ya ukingo ulioshushwa. Ripoti kwa idara ya maegesho ya halmashauri. Mgeni wako anaweza kuegesha hapo kwa ridhaa yako kama hakuna katazo lingine na kivuko si cha kushirikiana na jirani, lakini ridhaa hiyo huwezi kuiuza. Mstari mweupe wenye umbo la H unaweza kuombwa. Hauna nguvu ya kisheria peke yake, ila unawakumbusha madereva.

*Maji yanasimama kwenye kivuko.* Yakisimama kwenye mfereji wa barabara, piga picha baada ya mvua na umwarifu mjenzi na halmashauri kabla muda wa dhamana haujaisha. Yakiingia uwanjani kwako, angalia kama ile milimita 25 ipo kweli.

*Vigae vya kivuko vinatitia.* Kivuko ni sehemu ya barabara ya umma, hivyo usikirekebishe kwa mikono yako. Ripoti halmashauri kama unavyoripoti shimo la barabarani.

*Nimenunua nyumba yenye kivuko kisicho na karatasi.* Uliza halmashauri kama wana kumbukumbu ya anwani hiyo. Ikiwa haipo, omba idhini ya kivuko kilichopo. Watakikagua, na kikiwa hakifai watakuambia kijengwe upya kwa kiwango chao. Kama bado hujasaini mkataba wa kununua, mwachie wakili wako alishughulikie hilo na muuzaji kabla fedha haijatoka mkononi mwako.